Bakuli la Moshi Ukutani Kwangu

3 Oktoba

Nélia, una moyo gani wewe mtoto? Miaka miwili na miezi miwili hujakanyaga hapa. Mbayuwayu hana mjomba wala shangazi kijijini, lakini kila mwaka anarudi chini ya paa langu. Wewe uliyekunywa maziwa ya mbuzi wangu unanitumia picha za theluji ya Luksemburgi. Theluji ninayo, mwanangu. Kila Januari inanifikia magotini. Wewe ndiye sina.

Ulisema kwenye simu, "Bibi, andika ya kila siku, nikija nitasoma yote." Haya, naandika. Herufi ulinifundisha wewe, ulikuwa na miaka saba, ukanikalisha hapa jikoni ukawa unanichapa vidole kwa mwiko nikikosea. Shule yangu mimi ilikuwa mbuzi arobaini na mlima. Kwa hiyo ukikuta makosa humu, mlaumu mwalimu.

Mgongo unauma. Kastanya zimeanza kupasua maganda yao ya miiba na kuanguka chini ya miti. Msimu umefika na mimi nimechoka kabla sijainama hata mara moja.

4 Oktoba

Mvua. Sikutoka.

6 Oktoba

Amekuja Abílio, mwenyekiti wa ushirika wa kastanya, yule anayecheka kwa pua. Mimi na Ermelinda tulikuwa kwenye kibaraza cha mawe mbele ya nyumba yangu, tunamenya maharage. Alivua kofia. Abílio akivua kofia ujue anataka kitu.

"Bibi Felisbela, tumeamua kuweka kamera ghalani. Mwaka jana magunia arobaini yaliondoka yenyewe."

"Magunia hayana miguu."

"Ndiyo maana tunataka kamera. Sasa, ukuta unaotazamana na lango la ghala ni wako."

"Na mlipokuwa mnaamua, ukuta wangu ulikuwepo mkutanoni?"

Akacheka kwa pua. Nikamwambia sawa, toboeni, ila kitu kitakachoning'inia kwangu nitakichagua mimi. Sufuria zangu nachagua mwenyewe, na mume nilichagua mwenyewe.

"Mume alichaguliwa na baba yako," akasema Ermelinda bila kuinua macho kutoka kwenye maharage. "Wewe ulichagua kulia."

Tulicheka mpaka maharage yakamwagika. Ermelinda hajabadilika, ni mwembamba kama mwiko, shali nyeusi, ulimi wa wembe. Anakaa peke yake nyumba ya tatu kutoka kwangu, na binti yake yuko Lyon, Ufaransa. Mkastanya hana hata mmoja. Kama hujasahau huko uliko, watu kama yeye wanaishi kwa masazo: siku ya Mtakatifu Martinho kengele ya saa sita mchana ikilia, shamba lolote linakuwa la wote, na kilichobaki chini ni cha anayeinama. Ermelinda huinama kuliko sisi wote. Anakula kastanya mpaka Machi, yeye na nguruwe wake.

9 Oktoba

Leo amekuja fundi wa kamera kutoka mji wa Macedo, jina lake Telmo, mtu mzima mwenye mvi na mikono mikubwa. Alipanga mezani kwangu mabakuli matatu yaliyofunikwa kifudifudi, kama mtu anayeuza vyombo sokoni.

"Kamera ni ileile moja, Bibi," akasema. "Unachochagua wewe ni kuba lake."

"Kuba la nini? Kwani tunajenga kanisa?"

"Kifuniko. Kinaikinga na mvua, vumbi, buibui na mawe ya watu."

La kwanza lilikuwa jembamba na angavu kama maji. La pili jembamba vilevile, lakini rangi yake ya moshi. La tatu angavu na nene, zito mkononi. Hilo la tatu alilipiga kwa nyundo hapohapo juu ya kitambaa changu cha meza, likadunda tu. Nikamwambia akirudia kupiga nyundo mezani kwangu nitajaribu nyundo hiyo kwake. Akaomba radhi vizuri. Nikampenda.

Nilichukua lile la kwanza nikafunikia jibini. Lilitosha kabisa.

"Haya membamba yanapitisha picha safi zaidi," akasema Telmo. "Nene linavumilia zaidi."

"Na hili la moshi?" akauliza Abílio.

"La moshi linakula mwanga kidogo. Lakini mtu wa nje halioni jicho la kamera. Hajui linaangalia lango, au barabara, au kibaraza cha Bibi."

Abílio akapiga paja. "Hilohilo! Mwizi asijue kama anaonwa!"

Ermelinda alikuwa amesimama mlangoni na shali yake. "Na asiye mwizi?" akauliza. "Naye asijue?"

Nélia, nisikilize vizuri, maana haya nataka uyajue kutoka kwangu. Mimi ndiye niliyejibu. Nilisema, "Asiye mwizi anaogopa nini?"

Nikachagua la moshi. Nilisema ni la heshima. Ukweli ni kwamba lilinipendeza, linang'aa kama miwani ya mwanaume anayekuja kuposa. Telmo alisema maneno mengine kuhusu kitambaa laini na maji, lakini nilikuwa nampakulia supu, na mtu akila kwangu namwangalia mdomo unavyotafuna, sio unavyosema.

10 Oktoba

Wameliweka. Mbwa wa jirani yetu Idalina amelibwekea asubuhi nzima.

12 Oktoba

Nimeokota kastanya ndoo nane. Mgongo.

13 Oktoba

Ndoo sita. Mgongo.

15 Oktoba

Kibarazani leo tulikuwa wawili tu, mimi na Ermelinda. Idalina na wale wengine wamehamia kwenye ngazi za kisima, kwenye upepo. Nikampigia kelele Idalina, "Kibaraza changu kimekuwa na upele?"

"Hapana, dada. Ila lile tumbo jeusi juu ya kichwa chako, mtu hawezi hata kumsema mkwe wake kwa raha."

"Linaangalia lango."

"Unajuaje?"

Nikainua macho. Kweli sikujua. Nimelala chini ya kitu hicho siku tano na sijui linaangalia wapi. Niliona uso wangu tu, mdogo na mweusi, umepinda.

18 Oktoba

Kuna jambo linanikera. Ile mikastanya mikubwa ya Abílio inayoinamia barabara imeangusha kastanya zake njiani, na hakuna anayeziokota. Tangu babu yangu hajazaliwa, za njiani ni za mwenye mguu uliopita pale. Lakini watu wanazikwepa kama mavi. Matrekta yanazisaga. Nilimuuliza mzee mmoja mbona anapita chakula, akaonyesha kidole ukutani kwangu, kidogokidogo, akiwa amekificha kwenye koti.

Niliziokota mimi. Kwa sauti. Nikaimba kabisa.

19 Oktoba

Ermelinda leo hakuja. Amesema goti.

20 Oktoba

Bakuli limechafuka. Vumbi la matrekta, moshi wa bomba la jiko langu, na buibui amejenga kwao. Sipendi kitu kichafu kwenye ukuta wangu, watu watasema bibi huyu kazeeka. Nikapanda kiti, na usipige kelele, nilikishikilia na ukuta, nikalisugua na gongo la zabibu. Gongo ndilo nasafishia madirisha, vidonda, miwani ya marehemu babu yako, na masikio yako siku tuliyokutoboa. Likang'aa kama bibi harusi. Nikameza tone moja nililobakiza kwenye chupa, kwa ajili ya kushuka kwenye kiti.

21 Oktoba

Nililisugua tena, lilikuwa na ukungu kidogo. Nadhani ni hewa.

23 Oktoba

Mvua na ukungu. Ermelinda bado goti. Nimempelekea supu, akapokelea mlangoni.

26 Oktoba

Magunia sita yameondoka ghalani. Magunia sita, Nélia, na kamera inaangalia.

27 Oktoba

Abílio alituita kwake tukaone picha kwenye televisheni yake kubwa. Tulikuwa kama kumi, sebuleni kwenye yale makochi ambayo mkewe hajatoa nailoni tangu ayanunue. Ermelinda hakuitwa. Niliona hilo nilipoketi, na sikuuliza. Andika hilo pia, mkono wangu: sikuuliza.

Picha yenyewe ilikuwa ya asubuhi ya jana. Ungedhani unatazama kupitia dirisha lililoganda barafu. Kila mahali weupe, weupe una nyuzi, na lango la ghala ni kivuli tu. Halafu kikatokea kitu. Mtu amejikunja, mgongoni ana mzigo, anapita taratibu kutoka upande wa lango. Hana uso. Hana miguu. Akayeyuka.

"Rudisha," akasema mtu.

Abílio akarudisha mara tatu. Mara ya tatu akasema polepole, kama mtu anayetoa mwiba, "Jamani, mimi sipendi kusema."

"Sema," akasema Idalina.

"Huo mgongo."

"Na shali," akasema Idalina. "Ile si shali? Tazama ilivyoning'inia. Ni Ermelinda yule."

Jina likaanguka katikati ya sebule. Hakuna aliyeliokota na hakuna aliyelifukuza. Mke wa Abílio akasema, "Maskini, hana mkastanya hata mmoja," na wakatikisa vichwa kwa huruma, ile huruma inayomaliza kesi.

Unataka kujua bibi yako alisema nini. Hakusema kitu. Na si kwamba niliogopa, unanijua mimi siogopi hata askofu. Sikusema kwa sababu na mimi nilimwona. Haki ya Mungu, nilimwona. Walipotaja jina lake, ule weupe ukakusanyika ukawa Ermelinda, kichwa upande wa kushoto kama anavyotembea. Nikaanza kuhesabu rohoni: goti lake, supu aliyopokelea mlangoni. Mtu niliyekula naye ukoko wa mkate mmoja mwaka wa njaa, nilimhukumu kwenye kochi la nailoni huku nimeshika kikombe cha kahawa.

Nilirudi nyumbani nimechoka kuliko siku ya ndoo nane.

28 Oktoba

Abílio amekwenda mlangoni kwake na kofia mkononi. Nilisikia kutoka dirishani kwangu, na barabara nzima ilisikia.

"Mama Ermelinda, ni kuuliza tu."

"Uliza."

"Asubuhi ya juzi ulipita na mzigo. Ulibeba nini?"

"Majani makavu ya kulalia nguruwe. Nguruwe yule pale. Kamuulize, naye ana haki ya kusikilizwa."

"Hakuna aliyesema mwizi, Mama."

"Basi umekuja kunisalimia? Hujanisalimia."

Akafunga mlango taratibu. Bora angeubamiza.

29 Oktoba

Sikwenda kwake.

30 Oktoba

Sikwenda. Ndoo tatu. Sina hamu ya kula.

31 Oktoba

Nimekwenda, na supu. Nikagonga.

"Nani?"

"Mimi."

"Wewe yupi? Felisbela, au ile kamera yako?"

"Fungua, mwenzangu, supu inapoa."

"Nijibu kwanza. Kwa Abílio siku ile, mlipotazama. Wewe ulimwona nani?"

Nélia, nilitafuta neno. Nilitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko wenye tundu.

"Umekawia," akasema nyuma ya mlango. "Miaka sabini na miwili nakujua, hujawahi kukawia kujibu mtu."

Nikasema, "Ermelinda, sikiliza."

"Nimesikiliza. Binti yangu amepiga simu kutoka Lyon. Mtu wa hapa amemwambia. Amenipatia kitanda kwenye nyumba ya wazee mjini, tarehe kumi na tano anakuja kunichukua na gari. Nilikuwa namkatalia miaka mitatu. Leo nimekubali. Nikae hapa nifanye nini? Niombe ruhusa ya kuinama?"

Nilirudi na supu yangu. Nikampa mbwa wa Idalina. Mwenzangu anakwenda kufia kwenye kitanda cha chuma katikati ya watu asiowajua jina, na nyumba ile itafungwa madirisha kama nyumba ishirini nyingine hapa. Na mlango wa kwanza kufungwa niliufunga mimi, siku ile niliposema asiye mwizi anaogopa nini.

1 Novemba

Siku ya watakatifu wote. Makaburi yamejaa maua. Ermelinda alikuwa anasugua jiwe la mumewe. Watu wakampisha njia pana sana. Njia ile ilikuwa pana kupita kiasi.

3 Novemba

Nimechoka lakini leo lazima niandike yote.

Abílio alimwita tena fundi Telmo, maana picha inazidi kuwa mbaya kila siku. Tulikusanyika kwenye kijiofisi cha ghala, mbele ya kideo kidogo kinachoonyesha picha za kamera. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Telmo akatazama kideo, akakunja uso, akatoka na ngazi. Akapanda ukutani kwangu, akalipitishia bakuli kidole. Kisha akashuka na kuuliza kwa upole kabisa, kama daktari:

"Nani amelipaka pombe?"

Wote wakamgeukia Abílio.

"Mimi sijagusa!"

"Mimi," nikasema.

"Pombe gani, Bibi?"

"Gongo la zabibu. Safi. Limepikwa mara mbili."

Telmo akafumba macho kidogo. "Nilisema kitambaa laini, maji, na sabuni kidogo. Plastiki hii nyembamba ikikutana na pombe inapasuka ndani kwa ndani, nyufa kama nywele. Kila ufa unatawanya mwanga. Juu ya hapo ni la moshi, mwanga wenyewe ulikuwa mchache. Kwa wiki mbili kamera yenu imekuwa inatazama kupitia utando."

"Lakini mtu tulimwona," akasema Abílio.

"Mliona mtu. Hebu mmoja achukue gunia apite langoni."

Abílio, kwa hasira, alijitwika gunia lililojazwa makapi, akajifunika koti kichwani kwa sababu ya manyunyu, akatoka. Sisi tukatazama kideo. Weupe. Nyuzi. Kisha mtu amejikunja, ana mzigo, kichwa upande wa kushoto.

Wakati huohuo Idalina, ambaye hachelewi kwenye chakula lakini huchelewa kwenye kila kitu kingine, akaingia anapangusa viatu. Akatupa jicho kwenye kideo.

"Si nilisema mimi?" akapiga kelele. "Huyo hapo Ermelinda, tena mchana kweupe! Hana hata haya!"

Mlango ukafunguka, Abílio akaingia, akatua gunia, akavua koti kichwani.

"Vipi?" akasema. "Nimeonekana?"

Nilicheka, Nélia. Nilicheka mpaka nikashika meza. Halafu kicheko kikageuka bila kuniuliza, nikawa nalia mbele ya wanaume.

Nilipopata pumzi nikasema, "Siku ile sisi wote tulimwona Ermelinda. Hata mimi. Labda ni yeye na majani yake. Labda ni mwizi. Labda ni wewe Abílio unafunga lango. Tulipotajiwa jina kila mtu akalivisha lile wingu shali. Bakuli nimeliharibu mimi kwa gongo. Macho yetu tumeyaharibu wenyewe."

Idalina akasema, "Mimi nilisema tu ninachoona."

"Umemwona Abílio ukamwita Ermelinda, dada. Kaa chini."

Akakaa.

Telmo akarudi garini, akaleta yale mabakuli mawili angavu pamoja na la moshi jipya. Abílio, utamshangaa, alinyoosha kidole kwenye la moshi tena. "Bila pombe safari hii," akasema.

"Abílio," nikamwambia, "ukuta ni wangu. Nipe hilo nene."

"Lakini mwizi ataona jicho linaangalia wapi."

"Aone. Aone linaangalia lango la ghala, asikaribie lango la ghala. Na sisi tuone kwamba halituangalii sisi. Mtu akinitazama nataka nione jicho lake, nimrudishie."

Telmo akalifunga. Nikatoka nikasimama kibarazani nikainua macho. Jicho lile dogo jeusi liko ndani kama kokwa kwenye tunda, limegeukia lango, halina habari na mimi. Ni kitu kidogo sana. Nilijisikia mjinga.

4 Novemba

Nimekwenda kumweleza Ermelinda yote, mlango ukiwa umefungwa. Nilisimama pale nikamaliza hadithi nzima, na gunia, na koti, na Idalina. Mwishoni nikasema, "Na swali lako, jibu lake ni wewe. Nilikuona wewe. Nimekuja kulisema."

Akasema, "Haya. Umesema." Hakufungua.

7 Novemba

Mvua. Magunia hayajapatikana. Askari wa doria wanasema kuna gari la watu wageni lilionekana vijiji vya chini. Huenda. Nimechoka na huenda.

9 Novemba

Nimemwona Ermelinda dirishani anakunja mashuka ndani ya sanduku.

11 Novemba

Siku ya Mtakatifu Martinho. Jua lilitoka, kama kawaida yake siku hii, hafifu lakini lilitoka.

Saa sita kengele ikalia. Tulikuwa wote barabarani na ndoo zetu, karibu na shamba la Abílio ambalo ndilo la kwanza. Kila mwaka Ermelinda huingia wa kwanza, ndivyo ilivyo, mzee kuliko wote wasio na miti. Leo hakuwepo, na hakuna aliyethubutu kuvuka ukuta. Tulisimama kama kondoo. Kengele ikanyamaza.

Mlango wake ukafunguka. Akatoka na shali yake na ndoo ya bati, akapita katikati yetu, akapita mbele ya ghala, hakuinua macho popote. Akafika kwenye pengo la ukuta wa shamba, akasimama.

Ndani, Nélia, chini ya miti minne ya mbele, ardhi ilikuwa ya kahawia kwa kastanya. Nzuri, nene, zisizo na wadudu. Abílio hakuziokota. Watu wa hapa hatukupewa mdomo wa kuomba radhi, tunaomba kwa mikono, na yeye alikuwa ameomba kwa miti minne. Alikuwa amesimama pembeni anatazama viatu vyake.

Ermelinda akazitazama muda mrefu.

"Abílio," akasema.

"Naam, Mama."

"Hujamaliza kuokota."

"Hizo ni... nimeziacha, Mama. Chukua."

"Masazo ni kile kisichoonekana na mwenye shamba. Hizi umeziona. Hizi ni zako. Mimi sichukui kastanya za mtu." Akaweka ndoo chini akakunja mikono. "Okota. Nitangoja."

Mungu wangu. Abílio akatazama huku na huku, lakini hakupata msaada wa mtu. Akaenda akainama. Mkewe akamfuata na kikapu. Waliokota mbele ya kijiji kizima, nusu saa na zaidi, yeye na kitambi chake, anapumua kama ng'ombe, na Ermelinda amesimama wima pale penye pengo kama hakimu, goti lake na yote. Mara mbili Abílio alijinyoosha akidhani amemaliza, na mara mbili Ermelinda akamwonyesha kwa kidevu: pale, nyuma ya shina. Hakuna aliyecheka. Idalina alikuwa anatazama ndoo yake.

Abílio alipomaliza, alikuja jasho linamtoka, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Sasa yaliyobaki ni masazo, Mama Ermelinda. Ingia."

Akaingia. Na mimi nikaingia wa pili, sikumngoja mtu. Nikainama mstari mmoja nyuma yake. Tuliokota bila neno mpaka jua likagusa mlima. Mara moja tu aligeuka akatazama nilikopita.

"Unaacha nyuma," akasema. "Kipofu wee."

Nikaokota nilizoacha.

13 Novemba

Baridi. Nimewasha moto tangu asubuhi.

15 Novemba

Binti yake amekuja na gari la Lyon. Nilisimama dirishani kama mchawi, sikuweza hata kukaa. Wakala chakula cha mchana. Niliona moshi wa bomba. Wakabishana, nikasikia sauti ya binti, sauti ya Ermelinda haikupanda. Alasiri binti akatoka peke yake, macho mekundu, akaniona.

"Bibi Felisbela, mwambie wewe. Mimi hanisikii."

"Amesema nini?"

"Amesema akiondoka sasa watasema mwizi amekimbia. Ataondoka siku watakapokuwa wamesahau. Na amesema hapa watu hawasahau kabla ya miaka ishirini."

"Basi ana miaka ishirini," nikasema. Nikamjazia binti begi lake maharage na soseji za kuku, mtoto wa watu amekondeana huko kama wewe. Gari likaondoka na sanduku la mashuka halikuwemo.

17 Novemba

Nilimkuta kisimani. Nikamwambia kibaraza kipo, jua la saa nne linakifikia.

"Najua lilipo jua," akasema.

"Utakuja?"

Akajaza ndoo yake mpaka juu kabla ya kujibu. "Pasaka," akasema. "Kabla ya Pasaka bado nina hasira, Felisbela, na nimezoea. Usiniharakishe."

Nilitaka kumbebea ndoo. Akanitazama. Nikaacha.

20 Novemba

Nimepika, nimekula peke yangu. Nimesafisha bakuli. Maji na sabuni.

24 Novemba

Msimu umekwisha. Ghala limefungwa, mikastanya imebaki vijiti. Kastanya zako ziko juu ya moto zinakauka. Nimechoka, mwanangu, na sasa najua si mgongo peke yake.

Umesema utakuja Krismasi. Safari hii usidanganye. Daftari hili nakutumia kwa posta, ulisome kabla hujaanza safari. Ukishuka kwenye basi usije kwangu. Begi likiwa bado mkononi, nenda nyumba ya tatu, ugonge kwa Ermelinda, ukae, ule kila atakachokupakulia hata kama kimeungua, na usiondoke mpaka akufukuze. Akikuuliza nani amekutuma, sema ni njaa. Mimi nitakuona ukipita, na nitanyamaza.